Stoma Iandikwe kwa Jina Lake

Hotuba kwa watumishi wa afya, Tabora

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa, matroni, madaktari, wauguzi, matabibu mliotoka vituoni, na nyinyi wenzangu wa masijala na takwimu: mwangaluka.

Nimepewa nafasi nizungumzie kumbukumbu za mgonjwa mwenye stoma, yule aliyefunguliwa njia tumboni ili kinyesi au mkojo utokee hapo. Najua wapo wanaojiuliza kwa nini tutumie asubuhi nzima kwa wagonjwa hawa, wakati wodi zimejaa malaria na foleni ya kliniki ya wajawazito inafika getini. Sababu yangu ni hii: mgonjwa mwenye stoma huhamahama kati ya hospitali na hospitali kuliko wagonjwa wengi tunaowahudumia. Anaweza kupasuliwa Bugando kule Mwanza, akaishi Kaliua, akashikwa na homa akiwa Urambo kwa dada yake, kisha akarudi kufungwa njia hiyo hapa Kitete au Nkinga. Kila anapofika, daktari ni mpya. Kilichosafiri naye ni karatasi. Karatasi ikinyamaza, mgonjwa anaanza upya.

Tuanze na wagonjwa wenyewe, maana tukizungumza kuhusu misimbo tu, yaani zile herufi na namba za kutambulisha magonjwa kwenye takwimu, tutawasahau. Kijana aliyechelewa kutibiwa homa ya matumbo mpaka utumbo mwembamba ukatoboka. Mzee ambaye utumbo wake mpana umejisokota na ukaanza kufa. Mtoto mchanga aliyezaliwa bila tundu la haja kubwa, ambaye hawezi kusubiri hata siku chache. Mtoto mwingine mwenye ugonjwa wa Hirschsprung, anayevimba tumbo tangu kuzaliwa kwa sababu sehemu ya utumbo wake haina neva za kuusukuma uchafu. Mama mwenye saratani ya rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Mfugaji aliyepigwa pembe na ng'ombe. Hao wote wanaweza kulala wodi moja, wote wakaandikwa maneno mawili: "ana stoma".

Hapa kwetu Tabora reli inagawanyika. Kumwambia abiria aliyesimama stesheni kwamba treni ipo, bila kumwambia kama ni ya Kigoma, ya Mwanza au ya Mpanda, ni kumwacha palepale. "Ana stoma" ni taarifa ya aina hiyo. Stoma ipi? Ya utumbo gani? Iliwekwa kwa ugonjwa gani? Ni ya muda au ya kudumu?

Tofauti ya ileostomi na kolostomi haiwahusu madaktari wa upasuaji peke yao. Ileostomi imetoka kwenye utumbo mwembamba, na mara nyingi huwa upande wa kulia chini ya kitovu. Kinachotoka ni majimaji, na kina vimeng'enya vinavyochoma ngozi. Ikishatulia, hutoa kama mililita 500 hadi 1000 kwa siku. Ikizidi lita moja na nusu, maji na chumvi vinamkimbia mgonjwa haraka, na figo zake zinaweza kuumia kabla hata hajalalamika. Kolostomi imetoka kwenye utumbo mpana. Ya upande wa kushoto hutoa kinyesi kilichoshikana, kwa sababu utumbo mpana umeshafyonza maji njiani. Huyu anaweza kuvimbiwa na kukosa choo, jambo ambalo kwa mwenye ileostomi likitokea pamoja na maumivu ya tumbo ni dalili ya kuziba, na ni dharura.

Sasa mchukulie yule kijana wa homa ya matumbo. Ana ileostomi. Ameshikwa na malaria, ametapika siku mbili, amefika kituoni. Kwenye kadi yake imeandikwa "mgonjwa wa upasuaji wa tumbo". Tabibu aliyeko zamu anampa dawa ya malaria na kumruhusu, kama ambavyo angemruhusu kijana mwingine yeyote wa umri ule. Neno moja, ileostomi, lingemfanya tabibu huyo apime mkojo, aulize mfuko umemwagwa mara ngapi tangu jana, na afikirie dripu kabla ya kumwachia aondoke. Lingemfanya pia awe mwangalifu na vidonge vile vinavyoyeyuka polepole, kwa sababu kwa mwenye ileostomi kidonge kinaweza kutoka kama kilivyoingia.

Mfano wa mtoto unanigusa zaidi. Vituo vyetu vya pembezoni vinatumia artesunate ya njia ya haja kubwa kwa mtoto wa chini ya miaka sita mwenye malaria kali, kabla ya kumpeleka hospitali. Ni dawa iliyookoa watoto wengi. Lakini mtoto aliyezaliwa bila tundu la haja kubwa na akawekewa kolostomi, dawa hiyo utaiweka wapi? Muuguzi anaweza kugundua hilo dakika ya mwisho, usiku, mtoto akiwa anadegedega na mama analia. Au angelijua tangu alipofungua kadi ya kliniki. Nawaomba wenzangu mnaojaza kadi za watoto waliopasuliwa, ukurasa wa kwanza ndani uandike wazi: ana kolostomi, hana njia ya chini, dawa zisiwekwe huko.

Kwa hiyo uandishi unaanza na daktari na muuguzi, kabla hata haujafika kwetu masijala. Sisi tunaoweka misimbo haturuhusiwi kubuni. Jicho langu likiona mfuko tumboni mwa mgonjwa korido, lakini jalada halisemi, siwezi kuandika msimbo kwa kuwa nimeuona. Naandika kilichoandikwa na mtoa huduma.

Nimeona majalada ambayo taarifa ya thieta ina neno moja tu, "Hartmann", na ndani ya jalada zima neno kolostomi halipo. Henri Hartmann alikuwa daktari wa upasuaji wa Paris, alieleza upasuaji wake mwaka 1921: kukata kipande cha utumbo mpana kilichoharibika, kufunga ncha ya chini ibaki ndani, na kutoa ncha ya juu nje kama kolostomi. Daktari akisema Hartmann, daktari mwenzake anaelewa yote hayo. Muuguzi mpya wa wodi huenda asielewe. Kijana wa takwimu aliyeanza kazi mwezi uliopita hataelewa, na ataliacha. Madaktari wetu, tunawaheshimu sana, tunawaomba mwongeze sentensi moja ya kawaida: mgonjwa ana kolostomi ya ncha moja upande wa kushoto, rektamu imefungwa na imebaki ndani. Sentensi hiyo inamsaidia hata mgonjwa mwenyewe. Rektamu iliyobaki huendelea kutoa ute, naye siku atakapoona ute unatoka chini atadhani mshono umeachia. Kama imeandikwa, wa zamu atamtuliza kwa uhakika.

Kwa wauguzi, maelezo ya stoma kila siku wodini yasiwe "stoma iko sawa". Andika rangi: nyekundu au ya waridi yenye unyevu ni nzuri, ikienda kwenye zambarau au weusi, damu haifiki, mwite daktari na uandike saa uliyomwita. Andika ilichotoa, kwa mililita na kwa umbile. Andika hali ya ngozi inayoizunguka. Andika kimo chake. Hili la kimo wengi hulipita, na mimi nalishikilia. Mwaka 1952 Bryan Brooke, daktari wa Birmingham kule Uingereza, alieleza namna ya kupindua ncha ya utumbo mwembamba ili ileostomi ichomoze nje ya ngozi, majimaji yadondokee ndani ya mfuko badala ya kutambaa chini yake. Ileostomi iliyolala sawa na ngozi, au iliyozama, itamchoma mgonjwa hata mkimsafisha vipi. Ukiandika "imezama" siku ya tano, yule atakayeona vidonda wiki ya sita atajua chanzo chake, hatamlaumu mgonjwa kwa uchafu. Andika na kipenyo, kwa sababu stoma hunywea katika wiki sita hadi nane za mwanzo, na tundu la mfuko lililokatwa siku ya kuruhusiwa litakuwa pana mno mwezi wa pili.

Sasa misimbo. Tunatumia ICD-10, orodha ya Shirika la Afya Duniani ya misimbo ya magonjwa, na mlango wa kwanza wa kuujua ni kujiuliza: mgonjwa amekuja kwa ajili ya stoma, au amekuja na stoma?

Amekuja na stoma, lakini kilichomleta ni malaria, au presha, au kuvunjika mkono: hiyo ni familia ya Z93. Trakeostomi, tundu la kooni, ni Z93.0, gastrostomi, tundu la kuingia tumbo la chakula, Z93.1, ileostomi Z93.2, kolostomi Z93.3, sistostomi, tundu la kibofu cha mkojo, Z93.5, na njia nyingine za mkojo ni Z93.6. Msimbo huu hauwi wa kwanza. Wa kwanza ni ule wa ugonjwa uliomlaza. Z93 inafuata nyuma kumwambia msomaji kwamba mwili huu una njia nyingine. Kijana wetu mwenye ileostomi atapata B50 ya malaria ya falsiparamu, E86 kama daktari ameandika kwamba ameishiwa maji, na Z93.2. Misimbo mitatu, na mtu wa mbali anaelewa kilichotokea.

Amekuja kwa ajili ya stoma yenyewe, kusafishwa, kurekebishwa au kufungwa: hiyo ni Z43. Ileostomi Z43.2, kolostomi Z43.3. Anayelazwa ili kolostomi yake irudishwe ndani ni Z43.3. Akija tu kupimiwa na kuwekewa mfuko unaomfaa, ipo Z46.5. Msiweke Z43 na Z93 za stoma ileile katika hudhurio moja; ukishasema unaihudumia, umeshasema ipo.

Stoma ikiharibika, yaani imeziba, imezama, imetoka nje kupita kiasi, hapo tunaondoka kwenye herufi Z. Hitilafu ya kolostomi au ya stoma ya utumbo mwembamba ni K91.4. Ya njia ya mkojo ni N99.5, ya trakeostomi J95.0. Ngiri pembeni mwa stoma ina nafasi yake kuanzia K43.3 mpaka K43.5, kutegemea kama utumbo umeziba au umekufa. Ngozi iliyochomwa na majimaji itafutwe kwenye L24. Nawasihi msifiche tatizo ndani ya Z43 kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Hospitali ambayo stoma zake zote zinaonekana nzuri kwenye ripoti haitapata mtu wa kuja kuisaidia.

Jambo moja la haraka kwa wanaotafuta misimbo kwenye simu. Marekani wana toleo lao la ICD-10, na ndilo linalotangulia kutokea ukiandika kwenye intaneti. Huko matatizo ya kolostomi yako K94, na sistostomi inaongezewa tarakimu, Z93.50 na kuendelea. Toleo la Shirika la Afya Duniani halina K94. Ukiikuta, rudi nyuma.

Na ICD-11? Ilipitishwa mwaka 2019 na ilianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2022, nchi zinahamia kwa kasi zao. Namba zitabadilika. Lakini mfumo huo unaruhusu kuunganisha misimbo ili kueleza jambo kwa undani zaidi, kwa hiyo utadai maelezo mengi kuliko huu wa sasa. Anayeandika "ana stoma" leo atakwama kesho zaidi.

Nirudi kwenye sistostomi, maana nimeitaja kwa haraka na haistahili haraka. Tembeleeni kliniki ya upasuaji mkaangalie benchi la wazee. Wapo wenye tezi dume iliyovimba, mkojo ukaziba, mpira wa njia ya kawaida ukashindikana, wakatobolewa juu ya kinena na mpira ukapitishwa hadi kibofuni. Wengine wanaishi na mpira huo miezi mingi wakisubiri upasuaji. Kila wanapokuja kubadilishwa tunaandika "kubadilisha mpira" na kuwachanganya na wenye mpira wa kawaida wa njia ya mkojo. Tundu la tumboni ni tundu la tumboni. Kubadilisha mpira wa pale ni Z43.5, na mzee huyo akija kwa kifua au kisukari anabeba Z93.5. Nina hakika tukiwaandika wazee hawa sawasawa, hesabu ya watu wanaoishi na njia za kutengenezwa katika mkoa wetu itatushangaza.

Na hesabu ina kazi. Mifuko ya stoma haipatikani kirahisi. Wagonjwa wetu wanafunga vitambaa, wanatumia makopo yaliyokatwa, na tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, hata ule ujanja wa mfuko wa dukani umekuwa mgumu. Mfamasia wa hospitali akikaa kuandaa mahitaji ya kupeleka Bohari ya Dawa, anaangalia matumizi na idadi ya wagonjwa. Kama katika mwaka mzima mfumo unaonyesha wagonjwa wawili wa Z93, ataombea mifuko ya watu wawili, na hana kosa. Vilevile fomu ya madai ya bima inataka msimbo wa utambuzi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itawaleta watu wengi zaidi kwenye fomu hizo. Mgonjwa asiyeonekana kwenye msimbo ni vigumu kumtetea kwenye mafungu.

Kuna jambo linaloniuma kuliko yote niliyosema: stoma ya muda iliyosahauliwa. Ileostomi ya kitanzi, yaani utumbo uliotolewa nje ukiwa umekunjwa, aliyowekewa mtu ili utumbo upumzike, kwa kawaida inaweza kufungwa baada ya wiki nane hadi kumi na mbili akiwa na afya nzuri. Mtoto wa kolostomi ana safari ya hatua tatu: kolostomi, kisha kutengenezewa njia ya chini, kisha kufungwa. Familia inaruhusiwa na karatasi inayosema "arudi kliniki". Lini? Kwa nani? Kufanyiwa nini? Baba anarudi kwenye tumbaku, mama ana watoto wengine, nauli imeisha. Miaka inapita. Mtoto anafikia umri wa shule akiwa bado na kitambaa tumboni, anakaa nyuma ya darasa, au haendi kabisa. Wakija siku moja, yule daktari amehama, jalada la zamani halionekani, na mama anasema tu, "walimtoboa tumbo."

Daktari anayepokea familia hiyo anahitaji kujua nini kilikatwa, nini kiliachwa, ncha ya chini ilifungwa au iko wazi, na ni kwa ugonjwa gani. Asipojua, analazimika kuanza uchunguzi upya, ikiwemo picha ya kupitisha dawa kwenye utumbo wa chini, au kufungua tumbo akikisia. Ndiyo maana kwenye fomu ya ruhusa nataka tarehe ya upasuaji, jina la upasuaji kwa ukamilifu, ugonjwa uliosababisha pamoja na msimbo wake, A01.0 kama ni homa ya matumbo, K56.2 kama ni kujisokota, Q42 kama ni mtoto aliyezaliwa bila njia, Q43.1 kama ni Hirschsprung, na mstari unaosema: stoma hii ni ya muda, inatarajiwa kufungwa mwezi fulani. Nakala moja ibaki, nyingine apewe mgonjwa mkononi, aelezwe kwa Kiswahili au kwa Kinyamwezi kwamba hiyo ni mali yake na asiitupe.

Na ikishafungwa, andikeni imefungwa. Kwenye vituo vinavyotumia mfumo wa kompyuta kuna tabia ya kunakili maelezo ya hudhurio lililopita, na mtu anaendelea kuwa na Z93.3 wakati tumbo lake lina kovu tu.

Majina nayo yanatusumbua. Mtu anaandikishwa kwa jina la ukoo hospitali moja, kwa jina la ubatizo hospitali nyingine, na kijijini anaitwa Mama Fulani. Ulizeni majina yote, chukueni namba ya kitambulisho cha taifa au ya kadi ya bima ikiwepo, na muandike hospitali ambako alipasuliwa pamoja na namba ya jalada la huko.

Lakini taarifa kamili haimaanishi taarifa ya wazi kwa kila mtu. Nimewahi kuona jalada ambalo juu ya ganda lake paliandikwa kwa kalamu ya wino mzito, "mfuko wa choo", na likawekwa kaunta ya mapokezi. Mama mwenye jalada lile alisimama mbali na foleni mpaka watu walipopungua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazitaja taarifa za afya kuwa ni nyeti, na hata bila sheria, huyu ni mama wa mtu. Tahadhari iwe ndani, ukurasa wa kwanza, upande wa juu kulia. Na anapoitwa kwa sauti, aitwe jina lake.

Jumatatu tutaanza na wodi ya upasuaji na ile ya watoto. Muuguzi wa zamu na mtu wa masijala watapitia pamoja majalada ya wagonjwa wote wenye tundu tumboni au kooni, kila jalada lijibiwe: aina gani, upande gani, kwa ugonjwa gani, tangu lini, ya muda au ya kudumu. Pale ambapo jibu halimo, jalada lirudi kwa daktari aliyepasua, asubuhi hiyohiyo, kabla mgonjwa hajaruhusiwa. Wenzetu wa Igunga, Nzega, Sikonge, Uyui, Urambo na Kaliua, kwenye meza ile kuna fomu za ruhusa tulizoandaa zenye mistari hiyo. Kila kituo kichukue, na mtupigie masijala mkikuta mstari usiojazika.